Hiyo "to" ya "I look forward to" inatuchanganya wengi

Juzi mdogo wangu kanitumia barua yake ya kuomba kazi WhatsApp niipitie kabla hajaituma, barua nzuri tu, imenyooka, nikashuka mpaka mwisho nikakuta "I look forward to hear from you". Nikamwambia hapo weka "hearing". Akanijibu, "Kaka, si tulifundishwa baada ya to kitenzi hakibadiliki? To go, to eat, to hear." Swali la maana kabisa, maana hata mi nimeandika hivyohivyo miaka na miaka kwenye barua za kazi na hakuna aliyenisahihisha.

Iko hivi. Kiingereza kina "to" mbili, zinafanana sura tu. Moja inatangulia kitenzi, "I want to hear". Nyingine ni kihusishi, kama ile ya "I went to Arusha", na hii baada yake inataka jina. Ya "look forward to" ndo hii ya pili. Pima mwenyewe: "I look forward to your reply", inakubali vizuri tu. Haya sema "I want to your reply", inagoma. Kwa hiyo ukitaka kuweka kitenzi pale lazima ukigeuze jina kwanza, na wao wanageuza kwa kuweka -ing.

Kinachotuponza naona ni Kiswahili chetu wenyewe. Kwetu ku- ni hiyohiyo moja, "nataka kusoma", halafu "kusoma kwake kumemsaidia", neno halibadiliki hata herufi. Sasa mtu kichwani anawaza "nasubiri kusikia kutoka kwenu", mkono unaandika "to hear" wenyewe. Si uzembe huo, na inaniuma sana nikiona mtu anachekwa kwa kosa hili kama vile hajaenda shule.

Mtego huohuo uko kwenye "used to", na huu ndo hatari zaidi. "I used to wake up early" maana yake zamani nilikuwa naamka mapema, siku hizi basi. "I am used to waking up early" ndo nimezoea kuamka mapema. Uko kwenye usaili unataka kujisifia, ukidondosha hiyo "am" ushawaambia umeacha!

Barua kaituma jana asubuhi, na "hearing" yake.