Fyuzi iliyokuwa ikikatika kila nikiwasha amplifaya ya valvu

Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) aliyoniachia babu ilikuwa bubu kwa miaka. Nilipofungua sehemu ya fyuzi nikakuta kuna mtu ameizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Iliniuma sana, maana fyuzi ikizungushiwa hivyo haikatiki tena, na hivyo ndivyo transfoma zinavyoungua, na transfoma kama hii huipati dukani.

Nikaweka fyuzi ya 500 mA, yaani nusu ampea (0.5 A). Pa! Ikakatika. Ya pili vilevile. Sikutaka kuongeza ukubwa ovyo, nikaunga balbu ya wati 100 kwa mfululizo na waya wa umeme: iking'aa kwa nguvu bila kufifia, ujue kuna shoti. Yangu iling'aa, kisha ikafifia, kwa hiyo haikuwa shoti.

Kibao cha nyuma kinasema wati 80. Gawanya kwa volti 240, unapata kama 0.33 A, kwa hiyo 500 mA inatosha. Nikasogeza fyuzi iliyokatika karibu na tochi: kwenye kikofia chake cha chuma kumeandikwa F, yaani ya kukatika haraka. Valvu zikiwa baridi, nyuzi zake za ndani zinazopata moto huvuta umeme mwingi, na transfoma nayo hushtuka inapowashwa. Inatakiwa T, inayovumilia mshtuko huo.

Nikanunua T500mA ya volti 250. Nyuzi zikageuka rangi ya chungwa taratibu, spika ikaguna, taarabu ikaingia.