Nilifuata sufu Mpwapwa nikarudi na kiroba cha vipande

Naanza na hesabu kwa sababu ndiyo iliyoniuma. Nauli elfu nane kwenda, elfu nane kurudi, bodaboda buku mbili mara mbili, chai na chapati ambazo hata mafuta zilinyimwa elfu moja na mia tano, halafu konda wakati wa kurudi akanichaji elfu tano ya mzigo kwa kiroba ambacho hakifiki kilo mbili, nikamwambia kaka yangu hiki ni chepesi kuliko mkoba wangu, akasema dada mzigo ni mzigo. Na nyuzi zenyewe laki moja na ishirini. Haya, sasa nieleze ilikuwaje.

Mimi nauza nyuzi pale Majengo, Dodoma mjini. Kwetu ni Makete, kule ambako mtoto anazaliwa anavalishwa sweta kabla hajapewa jina, nikaolewa huku kwenye jua. Nilivyofungua kibanda shemeji yangu alicheka mpaka akakaa chini, eti kuuza nyuzi za sweta Dodoma ni sawa na kuuza mkaa jehanamu. Lakini yeye hajui biashara. Kwanza wateja wangu wengi hata hawafumi, wananunua uzi wa kusukia nywele, ile brazilian ambayo si ya Brazili wala si sufu ya kondoo, ni akriliki tupu, inatokana na mafuta ya petroli kama ndoo ya plastiki. Pili mwezi wa sita huku kuna baridi na upepo wa kukata masikio, na ndio wakati wa Bunge la bajeti, watu wa Dar wanashuka kwenye treni na mashati mepesi wanatafuta skafu kama wanatafuta dawa. Skafu moja ya mkono naiuza vizuri tu, sisemi bei.

Ila ukweli ni kwamba duka ni kisingizio. Anayefuma ananielewa, kuna nyuzi za kuuza, kuna nyuzi za kufuma, na kuna nyuzi za kuwa nazo tu. Chini ya kitanda changu kuna mabegi mawili ambayo baba watoto anadhani ni nguo za watoto walizoacha. Nikienda Kariakoo kufuata mzigo, na tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 naenda na kurudi siku hiyohiyo, nauli elfu thelathini na moja kwenda tu jamani, lazima nirudi na donge moja la kwangu. Soko la Sabasaba hapahapa Dodoma, kwenye mitumba, naenda alfajiri kutafuta sweta za kufumua. Na hapo kuna siri nawapa bure, geuza sweta uangalie mshono wa ubavuni, ukikuta limepigwa ovaloki liache maana kitambaa kilikatwa na mkasi, ukifumua unapata tambi za urefu wa mkono. Lile ambalo pande zake zimefumwa zikaunganishwa kwa uzi ndilo lenu, unavuta moja kwa moja mpaka kola.

Kwa hiyo mteja mmoja aliponiambia babu yake Mpwapwa ana sanduku la nyuzi aliloachiwa zamani na mzungu mwalimu, sufu halisi ya Uingereza, usiku ule sikulala. Mnajua sufu halisi huku ni nini? Kondoo wetu wa hapa kati wana mkia mnene na manyoya mafupi kama mbuzi, huwezi kusokota kitu pale. Miaka kumi dukani nimeshika sufu ya kweli labda mara nne.

Safari ya kwenda siandiki, Ihumwa, Mtumba, Chamwino, Mbande unakata kulia, Kongwa, umefika. Siti ilikuwa ya kukunja katikati, mgongo ninao mpaka leo.

Babu nilimkuta chini ya mwarobaini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia ukija kwa Wagogo unasema mbukwa, basi nikasema mbukwa na wajukuu wakacheka. Sanduku la bati likatolewa. Lilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mahindi. Lakini ndani, jamani! Madonge sitini na nne, rangi ya maziwa yaliyolala, kila donge na lebo yake ya karatasi. Nikasoma, aunsi moja, yaani gramu 28 hivi, nikajua hizi ni za zamani kweli kabla Waingereza hawajaanza kuuza nyuzi kwa gramu. Nikaangalia namba ya rangi kwenye lebo, zote namba ileile. Hii ni kubwa, kwa sababu kiwandani kila pipa la rangi linatoka tofauti kidogo, ukichanganya namba mbili kwenye sweta moja dukani hutaona kitu ila ukitoka juani unakuwa na mstari tumboni kama pundamilia.

Halafu nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia babu samahani, nina kawaida yangu, nikakata kipande nikawasha kiberiti. Akriliki ukiichoma inayeyuka, inatoa moshi mweusi inabaki kidonge kigumu cheusi kama shanga. Pamba inawaka kama karatasi. Ile ikanywea polepole, ikajizima yenyewe, na harufu ikatoka ya nywele zilizoungua, ile ya saluni pasi ikizidi. Nikabonyeza majivu yakasagika. Babu akaniangalia akasema, "Umeridhika mwanangu?" Nikasema nimeridhika babu. Alianza na laki mbili, tukafika laki na ishirini, nikaona nimemlalia mzee wa watu mpaka roho ikanisuta kidogo, nikamwongezea buku mbili ya ugoro.

Nimlalie nani! Nilipima kila kitu isipokuwa kitu kimoja, sikuvuta uzi.

Nimekaa kwenye Kosta, gari limetoka, nikatoa donge moja na sindano zangu, nikasema nianzishe vitanzi viwili vitatu nionje. Navuta, uzi ukakatika. Nikasema bahati mbaya. Navuta, ukakatika tena, kipande cha kama shubiri mbili. Nikachukua donge la pili, hivyohivyo. La tatu nikalipasua na vidole, juu ni uzi mzuri, ndani kuna unga na vijiganda vyeupe vidogo kama punje za mchele zilizovunjika. Nondo. Nondo wa nguo, sio wa ujenzi. Yule mdudu hali akriliki, hana habari na brazilian, anakula sufu. Yaani nondo alikuwa amefanya kipimo kizuri kuliko mimi na kiberiti changu.

Sikulia, ila nilinyamaza vibaya. Na tulipopita Kongwa kidogo tu tukasikia pwaa, tairi la nyuma. Konda akashuka akalizunguka, akashusha spea, spea nayo haina upepo. Dereva akapanda bodaboda na tairi kwenda kutafuta fundi, sisi tukashushwa kukaa chini ya mbuyu. Saa tatu nzima. Kijana akatokea sijui wapi na ndoo ya maji ya chupa, ya buku moja anauza buku mbili kwa sababu ameshaona tumekwama.

Ndipo bibi mmoja aliyekuwa siti ya mbele, kajitanda kaniki, shavu limejaa ugoro, akaja akakaa pembeni yangu bila kuulizwa. Akachukua donge, akalinusa, akavuta uzi ukakatika, akauangalia mwisho wake karibu na jicho kama mtu anayetunga sindano.

"Manyoya haya," akasema. "Ya kondoo."

"Ndiyo bibi, lakini yameliwa."

"Si uunge."

Nikamwambia nikifunga mafundo sweta zima litakuwa na vinundu kama ngozi ya chura. Akaniangalia kwa huruma ile ambayo bibi anamwangalia mjukuu aliyesoma sana.

"Nani kakwambia fundo? Mate huna?"

Akanionyesha. Unachambua ncha ya uzi kama urefu wa kidole, nyuzi zake ndogondogo ziachane. Ncha ya pili vilevile. Unazilaza moja juu ya nyingine zikielekea pande mbili, unalowesha, unaweka katikati ya viganja unasugua kwa nguvu na haraka mpaka viganja vipate moto. Nikafanya. Nikafungua mkono, uzi ni mmoja. Nikavuta, haukatiki! Nikavuta tena kwa hasira, umeshika. Hata ukipitisha kidole pale penye muungo huupati. Alijifunza akiwa msichana shule ya misheni, walikuwa wanafuma soksi kwa spoku za baiskeli, na uzi ulikuwa haba hata kipande cha kidole hakitupwi.

Kulikuwa na binti wa chuo cha ualimu, akauliza kwa nini uzi hauachii, bibi akasema manyoya yanashikana, basi. Kitaalamu ni kwamba unyoya wa kondoo una vigamba vidogo usivyoviona kwa macho, ukiupa maji, joto na msuguano vile vigamba vinang'ang'aniana, ndiyo maana sweta la sufu ukilifua kwa maji ya moto linakuwa la mtoto. Nikatoa brazilian kwenye mkoba tujaribu, tukasugua mpaka viganja vikawa vyekundu, zikateleza zikaachana kama watu wasiojuana.

Nikamuuliza bibi, maji hayafai? "Yanafaa. Ila maji buku mbili, mate bure."

Akataka kuniungia cha kwake, nikaona kile kinywa na ule ugoro na nyuzi zangu rangi ya maziwa, nikamshika mkono, nikamwambia bibi yangu wewe simamia tu. Alicheka mpaka akatema pembeni, na palipotemewa pakanionyesha nimeokoka na nini. Basi nikatema mwenyewe mpaka mdomo ukakauka, binti wa chuo akasaidia, watoto wawili wakaona ni mchezo, mwisho konda, yule yule wa elfu tano, akaja akachuchumaa akasema lete na mimi. Na ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote, nakiri, viganja vyake vigumu vilitoa joto haraka. Hela yangu hakurudisha lakini.

Dereva aliporudi na tairi tulikuwa tumeunga madonge sita. Bibi akachagua moja zuri akalitia kifuani, akasema hii ni ada, sikubisha. Alishuka Mbande, hata hakuaga.

Nyumbani mambo mengine. Huwezi kuingiza nondo kwenye nyumba yenye mabegi mawili chini ya kitanda, kwa hiyo nilifunga kila kitu kwenye mifuko ya plastiki nikabana hewa, nikampelekea jirani anayeuza barafu aniwekee kwenye friza lake, siku nne ndani, siku mbili nje, siku nne tena, maana baridi ile inaua wadudu na mayai yao. Buku moja kwa siku! Nikimwambia ni uzi tu, ananijibu umeme hauulizi. Baba watoto akauliza kwa nini tunalipia uzi ukae kwenye baridi wakati uzi kazi yake ni kuzuia baridi. Sikuwa na jibu.

Kati ya sitini na nne nimepata uzi wa kufaa kama madonge ishirini na mawili. Naunga usiku baada ya kufunga duka, taa imewaka, nasugua. Na hapo ndipo mama yangu ananijia. Makete jioni, moto katikati ya jiko, mama na spoku zake mbili na sweta la mtumba alilofumua mapajani, na kila baada ya muda anatia uzi mdomoni. Sisi watoto tulidhani ni mazoea tu, kama mtu anayeuma kucha. Dada yangu alikuwa anamwigiza tukicheka. Sweta nililoendea shule lilifumwa hivyo, la kijani, na sikumbuki hata siku moja lilikatika.

Juzi nikampigia. Nikamweleza yote, babu, nondo, mbuyu, bibi wa ugoro, nikamuuliza mama, ule uzi mdomoni ulikuwa unaunga?

Kimya kidogo. Akasema, "Kwani wewe dukani kwako unaunga vipi?"

Nikasema nafunga fundo mama.

"Na watu wananunua?"