Karibu Hasidi

Mwaka 2011 nilikuwa nimepanga chumba kimoja Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, jiko na choo uani. Chumba hicho hicho nililala, nilipika mvua ikinyesha, na nilishona. Cherehani yangu, Butterfly nyeusi ya miguu, ilikaa dirishani. Kitanda nilikuwa nimekiinua kwa matofali ili uvunguni viingie viroba, na viroba vikazidi uvungu, vikapanda ukutani, vikafika juu ya kabati.

Vilikuwa viroba vya mabaki ya vitambaa. Mafundi wa Kariakoo wakikata magauni na sare za shughuli hubaki na vipande visivyotosha hata mfuko, na mimi kila Jumamosi nilipita kuvizoa. Kurudi ndiyo ilikuwa kazi. Konda wa daladala angekitazama kiroba, akanitazama mimi, akauliza, "Mama, na huyu mwenzako analipa nauli?"

Nilishona vizulia vya mlangoni. Wengine husuka vitambaa kama nywele kisha wakavizungusha duara. Vinapendeza, sikatai, lakini kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa nili vinateleza, na mtu akianguka lawama ni ya fundi. Mimi chini niliweka gunia la katani, juu nikapanga vipande mstari kwa mstari, nikikunja kingo, nikivishona kwa sindano namba 16 maana ndogo zaidi ya hiyo inavunjika ukifika kwenye jinzi. Futi mbili kwa futi moja na nusu. Kizulia kama hicho kinakaa miaka.

Mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme. Maji yalipungua bwawa la Mtera, nasi Dar tukalipa kwa giza. Cherehani ya miguu haidai umeme, ila macho yanadai. Nikawa nashona kwa taa ya chemli, naingiza mkono kwenye kiroba chochote kilicho karibu, kinachotoka ndicho kinachoshonwa.

Usiku mmoja wa Jumatatu nikamaliza kizulia changu mwenyewe, maana fundi siku zote mlango wake ndio mtupu. Saa tano ilikuwa imepita. Nikakitupa nje ya mlango, kwenye korido, nikalala.

Mlango ulioangaliana na wangu ulikuwa wa Mama Mapacha. Tulikuwa tunaazimana kila kitu, kuanzia chumvi mpaka jiko la mkaa. Jumanne asubuhi nikamsalimia, akajibu "nzuri" moja, fupi, akapita. Nikasema labda watoto wamemkesha. Jioni nikakuta kwenye kamba ya uani ameanika khanga, jina limeelekea dirisha langu: MAJUNGU SI MTAJI. Sikuwaza kitu. Khanga ni nguo, inafuliwa, inaanikwa.

Jumatano ikaja nyingine: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Hapo nikashtuka. Nikapita kama naenda chooni, nikaigusa. Kavu kabisa. Ilikuwa imetoka kabatini, haijaona hata tone la maji.

Sasa nikasema, kumbe! Nimekosa nini mimi? Na niseme ukweli wangu, sikwenda kumuuliza. Niliingia ndani nikaanza kupekua viroba, natafuta khanga yenye jina la kumjibu. Nilipekua mpaka chumba kikawa kama shehena ya mitumba iliyofunguliwa. Nilipata vipande tu, mara HAUOZI, mara NDIYE KUMBE, hakuna kauli nzima hata moja. Mafundi wanapokata gauni la khanga hulikwepa jina, maana hakuna anayetaka maandishi yamwangukie makalioni, kwa hiyo majina yote ya Kariakoo yalikuwa yameishia kwangu, vichwa mbali na mikia.

Ijumaa nikasikia sauti koridoni. Pacha mmoja, darasa la kwanza, alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wangu, kidole chini.

"Ka-ri-bu. Ha-si-di."

Nikatoka.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Unasoma nini hapo?"

"Zulia lako. Anti, hasidi ni nani? Mama kasema ni sisi."

Nikainama. Kipande kimoja kilitoka kwenye khanga ya kukaribisha wageni, kingine bila shaka kwenye ile ya Hasidi Hana Sababu. Nilivishona kichwa chini miguu juu, kwenye mwanga wa chemli, macho yangu yakiwa kwenye mshono. Na nilipokitupa mlangoni, maandishi yakaelekea mlango wa jirani.

Nikakichukua kile kizulia, nikamfuata uani. Alikuwa anachambua mchicha.

"Mama Mapacha, naomba unisikilize."

"Nakusikiliza tangu Jumanne. Mlango wako unaongea."

Nikamweleza. Hakuinua macho. "Maneno hayajishoni," akasema.

Sikuwa na ushahidi mwingine isipokuwa chumba chenyewe. Nikamshika mkono, nikamwingiza. Alisimama mlangoni, kwa sababu pa kukanyaga hapakuwepo. Akatazama kitanda kilichofunikwa na vitambaa, mkasi juu ya sufuria, sindano zimechomwa kwenye pazia. Akaokota kipande kimoja miguuni pake, akakisoma: "MUNGU." Akaokota cha pili: "ABIRIA." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya kiroba.

"Humu hata wewe mwenyewe siku moja utashonwa," akasema.

Kesho yake alikuja na kanga ya kujifunga kiunoni na ndoo tatu za rangi alizopewa na shemeji yake mpiga rangi. Jinzi ndoo ya kwanza, vitenge ya pili, khanga ya tatu. Vifungo na bobini vikaingia kopo la Blue Band. Mkasi wa vitambaa ukatundikwa msumarini, na mapacha wakaapishwa kwamba mkasi ule haujui karatasi. Vipande vyenye maandishi hakuviamini ndani ya ndoo. Alinifungia kamba ukutani, juu ya cherehani, akavibana kwa vibanio kimoja kimoja, vikiwa vimesimama wima, vinasomeka hata kwa chemli. Kazi ilituchukua siku mbili, na nusu ya muda tulikuwa tunaunganisha maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Tulipomaliza nikachukua wembe nikifumue kile kizulia. Akanizuia.

"Usikifumue. Nipe mimi."

"Cha nini tena?"

"Jumapili ijayo wifi yangu anakuja kutoka Mbagala."

Nilidhani anatania. Jumapili saa nne asubuhi kilikuwa mlangoni kwake, kimefutwa vumbi, kimenyooshwa, maandishi yameelekea koridoni. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, nachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa. Wifi akaingia, akasalimia nyumba nzima, akafika pale, akasimama. Akasoma. Akavua viatu vyake kando, akapandisha baibui kidogo, akakiruka.