Kulifuata Gari Mbali

Tiketi niliyokata ilikuwa ya kwenda na kurudi. Jamaa zangu walinicheka: mtu anakwenda kununua gari, ya kurudi ni ya nini? Katika gharama zote za safari ile, hiyo ndiyo niliyoilipa kwa moyo mweupe. Anayesafiri mbali bila njia ya kurudia hufika akiwa ameshanunua, kilichobaki ni kukabidhiwa funguo tu. Muuzaji hana haja hata ya kukubembeleza, maana uchovu wako na nauli iliyokwisha kuliwa vinamfanyia kazi hiyo.

Gari lenyewe lilikuwa la mtu binafsi, mji wa mbali kabisa na kwangu. Kabla ya hilo nilikuwa nimeachana na jingine, safi, bei ya kutupa, mwenye mali eti yuko nje ya nchi kikazi na gari liko kwa wakala. Nitume pesa kwa kampuni ya kati, izishike mpaka nitakapolipokea. Utaratibu wa pesa kushikwa na mtu wa kati ni mzuri na upo kweli. Ila kampuni ile aliichagua muuzaji, na anwani ya tovuti yake alinitumia muuzaji huyo huyo. Anayeuza akishakuletea na msuluhishi, jua unaongea na mtu mmoja mwenye sauti mbili. Sikumjibu tena.

Huyu wa pili alipokea simu, na nilipomwomba namba ya chasisi hakuuliza ya nini. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981 yana namba yenye tarakimu na herufi 17, na ndani yake huwezi kukuta I, O wala Q, kwa kuwa zingechanganywa na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, kwa hiyo ufupi peke yake si ushahidi wa wizi. Kwa namba hiyo nikaulizia kama gari limeripotiwa kuibwa, kama lina deni la benki, na mileji iliyoandikwa kwenye ukaguzi wake wa miaka iliyopita. Nchi nyingi zina mahali pa kuulizia hayo, pengine bure, pengine kwa ada ndogo. Mileji iwe inapanda mwaka hadi mwaka. Ikishuka hata mara moja, huenda mtu ameirudisha nyuma.

Kisha nikamwomba tuzungumze kwa simu ya video, hapo hapo, akiwa amesimama kando ya gari. Video iliyorekodiwa inaweza kuwa ya gari la mtu mwingine. "Kaka, nionyeshe namba iliyo chini ya kioo cha mbele, halafu fungua mlango wa dereva nione kibandiko cha kwenye nguzo." Akaenda, huku akihema kidogo. Zilifanana.

Bado sikufunga safari. Nilimtafuta fundi wa mji ule ule mwenyewe, wala sikumwomba muuzaji anitajie mtu. Nikamlipa akalikague gari kabla mimi sijapanda basi. Alinipigia jioni: shokapu za nyuma zinavuja, bushi za mbele, ile mipira ya kwenye maungio ya chini, zimeanza kuchoka, injini haina neno, na mlango wa nyuma wa kulia umepigwa rangi. Kwenye tangazo mlango huo haukutajwa. Nikamuuliza muuzaji swali la wazi bila kumwambia ninachokijua: kuna sehemu yoyote ya bodi imewahi kutengenezwa? Akasema ndiyo, mlango wa nyuma, ulikwaruzwa ukutani, na fundi rangi aliyeutengeneza yupo. Jibu lile ndilo lililonipandisha basi. Gari lililotumika lazima liwe na makovu, na mwenye gari asiyeyaficha anapoulizwa ana thamani kuliko mwenye gari lisilo na kovu kwenye picha.

Aliniomba kishika uchumba, akisema kuna mtu mwingine analitaka. Nikamwambia akija mwingine na pesa taslimu amuuzie, mimi sitamlaumu. Siku tuliyopanga gari lilikuwepo.

Safari ya kwenda haina la kusimulia. Niliwasili jua limekwisha kuzama, nikalala, nikakataa kwa adabu alipotaka kuniletea gari usiku ule "ulione tu". Usiku kila rangi ni nzuri. Mvua nayo ni hivyo hivyo, maji juu ya bodi hufuta mawimbi ya kunyooshwa na tofauti za rangi. Nilimwomba mawili: tukutane nyumbani, kwenye anwani iliyo katika kadi ya gari, na asiliwashe mpaka nifike.

Asubuhi nilipofika, nilianza kwa kuweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi: ugumu wa kuwaka, mlio wa mnyororo wa ndani ya injini uliolegea, moshi wa mwanzo. Nikamwachia yeye ufunguo, mimi nikasimama nyuma kwenye ekzosi. Ulitoka mvuke mweupe kidogo ukatoweka, jambo la kawaida injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu ungesema oili inaungua, mweusi ungesema mafuta yanazidi, na mweupe usiokoma, wenye harufu tamutamu, ungesema maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Huo wa mwisho ungenirudisha stendi bila mjadala.

Nikachuchumaa kwenye boliti za mlango ule uliotengenezwa. Boliti ambayo haijaguswa tangu kiwandani ina rangi nzima kichwani, imeshikana na rangi ya bodi. Ikifunguliwa, spana huacha michubuko kwenye kona zake hata fundi awe mpole namna gani. Za mlango ule zilikuwa nzima, maana yake mlango ulipigwa rangi ukiwa mahali pake, haukung'olewa. Za fenda na boneti nazo nzima. Nilikuwa na kijisumaku kilichofungwa kitambaa, nikakipitisha mlangoni. Kilishika kote, kwa hiyo chini hakuna unene wa pati, ile ya kuzibia mabonde ya bodi. (Sumaku haisaidii kwenye aluminiamu wala plastiki, usije ukamtuhumu mtu bure.) Vioo vyote vilikuwa na nembo ya mtengenezaji mmoja, dalili kwamba hakuna kilichovunjika kikabadilishwa.

Halafu mikanda ya viti. Niliivuta mpaka mwisho wake, ule mwisho ambao hakuna abiria anayeufikia. Gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa likang'aa, zulia likabadilishwa, manukato yakapuliziwa, lakini watu husahau sehemu ya mkanda inayolala ndani ya nguzo, na huko tope huacha mstari wake. Mkanda ulikuwa safi mpaka mwisho. Nikainua na zulia la buti, nikatazama shimo la tairi la akiba: vumbi, na kutu kidogo kwenye jeki. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni polisi. Nikamwambia ningekuwa polisi nisingekuja na basi.

Tairi zilikuwa na kashata nzuri, yaani meno ya mpira, zinang'aa. Ubavuni, mwisho wa namba ndefu inayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tatu zilikuwa za umri mmoja na moja ilikuwa nzee kuliko wenzake wote, mpira umeanza kupasuka vijimistari. Tukaitia kwenye hesabu ya bei pamoja na shokapu.

Kifaa kidogo cha kusoma makosa nilikichomeka chini ya usukani. Wengi hutazama tu kama kuna kosa lililoandikwa, wakiona hakuna wanafurahi. Mwenye gari akitaka, makosa yote hufutwa kwa dakika moja. Asichoweza kukificha ni kwamba kompyuta ya gari ikishafutwa huanza upya kujipima, na vipimo hivyo huonekana "havijakamilika" mpaka gari liendeshwe vya kutosha. Vyote vilikuwa vimekamilika. Basi hakuna aliyefuta kitu jana usiku.

Tukaliendesha, redio imezimwa. Nilitafuta barabara mbovu kwa ajili ya bushi, barabara tupu nikafunga breki kwa nguvu nione kama linavuta upande, halafu mwendo wa kasi nisikie kama usukani unatetemeka. Mkanda wa taimingi ulikuwa na risiti. Bila risiti ningeuhesabu kuwa haujabadilishwa, kwa sababu ukikatika, katika injini nyingi valvu hukutana na pistoni, na hapo hununui mkanda tena, unanunua injini.

Ugumu ulikuja kwenye karatasi, gari likiwa limeshanikaa moyoni. Kadi ilikuwa na jina la mwanamke. "La mama," akasema kijana, "mimi ndiye ninayeliuza, hana neno." Kadi ilikuwa halisi, jina la ukoo moja, na simu zote nilizopiga zilikuwa zimenipa imani naye. Lakini mwana si mwenye mali, na mauzo yasiyo na sahihi ya mwenye jina ni maneno matupu. Nikamwomba nimwone mama. Akasema amelala. Nikasema nitasubiri, basi langu ni la jioni. Nilimwambia kwa utulivu, na utulivu wenyewe ulitoka kwenye ile tiketi mfukoni.

Mama alitoka baadaye, anatembea polepole, macho yake ndiyo yaliyomfanya aache kuendesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe unayelichukua gari langu?"

Nikamwambia nataka kulichukua, ila kwanza nisikie kutoka kwake kama analiuza na kwa bei gani. Alitaja bei iliyo chini ya aliyoitaja mwanawe. Kijana akatazama chini. Tukakubaliana bei ambayo mama aliitaja, tukapunguza shokapu na tairi, na mama mwenyewe akasema twende benki wote.

Sikuwa na pesa taslimu mwilini, na sibebi pesa ya gari safarini. Kaunta ya benki ni mahali pazuri pa kumalizia biashara hii: muuzaji anaona pesa zimeingia kwa macho yake, mnunuzi ana risiti, na hakuna atakayemfuata mwenzake njiani. Nilituma kwenye akaunti yenye jina lile lile la kadi. Mkataba tuliuandika nakala mbili: majina na vitambulisho, namba ya chasisi, mileji ya siku ile, bei, tarehe na saa. Saa ina kazi yake. Gari likigonga mtu jioni, inajulikana nani alikuwa mwenye nalo. Mama akasaini fomu ya kuhamisha umiliki, nikapokea kadi halisi na funguo zote mbili.

Sikuwasha gari mpaka bima kwa jina langu ilipothibitishwa kwa simu. Ya mama ilikuwa yake, na mahali pengi bima ya muuzaji haimfuati mnunuzi.

Tiketi ya jioni niliifuta, wakanirudishia sehemu. Nililala tena mji ule, nikaondoka alfajiri. Baada ya nusu saa ya kwanza nilisimama, nikainama chini kutazama matone, nikagusa hewa karibu na kila gurudumu kujua kama kuna breki inayong'ang'ania. Mbele kidogo nikasimama tena, nikaacha injini ipoe kabla ya kupima oili na maji. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto, hata uwe na haraka gani. Oili ilikuwa pale pale. Mshale wa joto haukusogea hata kwenye mlima mrefu nilipowasha kiyoyozi makusudi.

Shokapu zile za nyuma zililalamika njia nzima. Nilipofika nilibadilisha zote mbili pamoja na ile tairi, na siku ofisi ya usajili ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni na fomu ya mama.