Siku Wamarekani walipokuwa wamesogeza saa

Machi 2024 kila baraza la vijana Mombasa lilikuwa na mtu wa Bitcoin. Jumatatu ya tarehe 11 bei ilivuka dola 71,000, na kesho yake Marekani ilikuwa itangaze mfumuko wake wa bei wa Februari. Kwa anayefanya biashara ya sarafu za kidijitali, hiyo si saa ya kuwa mbali na skrini: takwimu ikizidi matarajio, watu huona riba haitashuka karibuni, wanauza, na bei inaporomoka.

Binamu yangu alikuwa amenunua kwa levereji ya mara ishirini, yaani kwa mkopo alishika Bitcoin ya thamani mara ishirini ya pesa zake. Bei ikirudi nyuma kama asilimia tano tu, akaunti imeungua. Lakini alikuwa na mpango: afunge biashara yake, yaani auze, saa kumi kamili alasiri, nusu saa kabla ya tangazo. Saa ya tangazo alikuwa ameibandika ukutani kwa kalamu nyekundu, 10:30, na mwezi uliotangulia ndivyo ilivyokuwa kweli. Ramadhani ndiyo kwanza imeingia, basi akaenda Kongowea kutafuta mihogo na ndizi za futari. Mimi nikabaki na kompyuta.

Mjomba akaingia. Alikuwa karani wa wakala wa meli Kilindini hadi alipostaafu. Baada ya shikamoo na marahaba alisimama akaisoma ile karatasi, miwani imemshukia puani.

"Hii mmeigeuza kutoka saa ya New York?"

"Ndiyo, mjomba. Wao wanatangaza saa mbili na nusu asubuhi."

"Juzi Jumapili Wamarekani wamesogeza saa mbele. Karatasi hii ni ya msimu wao wa baridi."

Akachukua kalamu. Meli, alisema, zilimletea taarifa za kufika kwa saa ya Greenwich, ziwe zinatoka Karachi au Rotterdam, na yeye ndiye aliyezigeuza. New York sasa iko nyuma ya Greenwich kwa saa nne, si tano. Kwa hiyo 8:30 yao ni 12:30 UTC, ndiyo hiyo saa ya Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa tatu mwaka mzima, yaani 15:30. Kisha akanipa njia ya mkato ambayo naitumia mpaka leo: chukua saa ya UTC, toa tatu, unapata saa tunayoitaja sisi. Kumi na mbili na nusu, toa tatu: tisa na nusu alasiri.

Saa tisa ilikuwa imeshapita. Nikampigia binamu.

"Funga sasa hivi."

"Si bado saa nzima?"

"Wamesogeza saa. Wanatangaza tisa na nusu. Funga!"

Nikasikia makelele ya soko, mtu akigombania bei ya mkungu. Kisha, "Nimefunga."

Tisa na nusu ikatoka: asilimia 3.2, na wachumi walitarajia 3.1. Baadaye siku hiyo bei ilizama chini ya dola 70,000 kabla ya kupanda tena.

Baada ya futari binamu aliandika karatasi mpya, UTC ikiwa safu ya kwanza. Mshumaa wa siku, yaani alama ya bei ya siku nzima kwenye chati, hufungwa 00:00, kwetu saa tisa usiku, na hausogei Marekani wafanye watakavyo. Ada ya fandingi, ambayo wanunuzi na wauzaji hulipana, kwenye masoko mengi hukatwa kila baada ya saa nane: saa tisa usiku, saa tano asubuhi, saa moja jioni. Takwimu za Marekani pekee ndizo alizoziandikia saa mbili: tisa na nusu wakati wao wa joto, kumi na nusu wakati wa baridi.

"Mjomba, si tutumie tu saa ya London? Greenwich si huko huko?"

"London nayo husogea, mwanangu. Ngoja tarehe 31 uone. Saa ya meli haisogei."

Binamu akaongeza tarehe 31 Machi pembeni, na chini yake 3 Novemba, siku ambayo Wamarekani wangerudisha saa zao nyuma.