Siku Moja ya Bwana Shamba, Sabaki

Saa kumi na mbili asubuhi natoka Malindi kwa pikipiki, chupa ya chai begini, lenzi mfukoni. Navuka daraja la Sabaki, na kufikia saa nne nimeshapita mashamba matatu ya tikiti na mabenda. Watu hudhani bwana shamba ni mtu wa mikutano na mbegu za bure. Mimi siku nzima napindua majani.

Saa nne na nusu nafika kwa mzee wa tungule, yaani nyanya, na hapo ndipo siku ilipokwama.

"Mwanangu, nipe dawa kali. Nimechanganya tatu kwenye bomba moja na wadudu wangaliko. Zamani hawakuwepo hawa."

Kweli mzee. Mdudu wake ni inzi mdogo ambaye mabuu yake huchimba ndani ya majani; aliingia Kenya mwaka 1976, na vipandikizi vya maua ya krisanthemu kutoka Florida. Namwinulia jani juani: mchirizi mweupe umepindapinda, na mwishoni buu la manjano linakula katikati ya jani. Mama yake, wa milimita 2 hivi, hulitoboa jani anyonye maji yake, na matundu mengine hutagia. Buu likishiba hutoka, huangukia udongoni na kugeuka pupa, kifuko ambamo hukua kuwa inzi. Dawa ya juu ya jani itamfuata wapi huko? Inachomaliza ni nyigu wadogo wanaoyaua mabuu haya.

"Nyigu gani? Sijawaona."

Nikapasua michirizi kwa sindano, jani baada ya jani, jua la utosi, shingo inauma. Mabuu yote hai. Nyigu hakuna hata mmoja, na mzee ananitazama tu.

Kando ya kisima kulikuwa na kunde za mkewe. Nazo zina michirizi, na mzee alitaka kuzing'oa siku hiyo hiyo, kwamba ndizo zinazomletea inzi. Ni kweli inzi huyu hula kunde, mabenda, pilipili, tikiti, hachagui. Lakini kunde hizo ni mboga ya nyumbani, hazijawahi kupigwa dawa. Jani la tatu tu: buu limelegea, limekuwa kahawia, na ubavuni mwake buu la nyigu linalila. Nikampa mzee lenzi. Akatazama muda mrefu, akamwita mkewe naye aje aone.

"Wiki mbili sipigi dawa," mzee akasema. " Tungule zikifa nakuja Malindi kukutafuta."

Sijui ilikuwa saa ngapi. Mashamba mawili sikuyafikia, simu imelia mara nyingi, macho yanawasha. Jani lile la kunde nimelilaza ndani ya daftari. Kesho nalipeleka shamba la tano, ambako nako wanachanganya dawa.