Wimbo Wenye Kwao

Kwa muda wa miezi mitatu sasa, karibu kila usiku baada ya kazi, nimekuwa nikimsikiliza mwanamke ambaye ameacha kuimba tangu miaka zaidi ya kumi iliyopita. Jina lake ni Sheila Chandra, mzaliwa wa London mwaka 1965, katika familia yenye asili ya India ya kusini. Waliokuwa wakifuatilia muziki wa Uingereza zamani hizo huenda wakamkumbuka kwa wimbo mmoja tu, Ever So Lonely, aliouimba na kundi la Monsoon na ambao mwaka 1982 ulifika nafasi ya 12 katika chati ya huko, yeye akiwa na umri wa miaka 17. Mimi simsikilizi kwa ajili ya wimbo huo, ingawa ni mzuri. Namsikiliza kwa sababu kuna kosa nililolifanya katika utunzi wangu mwenyewe, na yeye alikwisha kulikwepa kabla mimi sijagusa kinanda.

Nipige hatua chache nyuma. Nimekulia Jinja, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha kwa kuwa kila mlango ulikuwa na lugha yake. Redioni tulipata taarabu ya Mombasa, na nilipokuwa mdogo niliamini kwamba zile sauti za marehemu Juma Bhalo, za kupanda na kuviringika kabla ya kutua, zilizaliwa Pwani na hazikutoka kwingine. Mama, ambaye alikuwa ameziona filamu za Kihindi mjini kwetu kabla ya Waasia kufukuzwa nchini mwaka 1972, ndiye aliyenifungua macho: alikuwa akisikia mahadhi fulani, anaacha kuchambua mchele, anaimba maneno ya Kihindi asiyoyaelewa juu ya shairi la Kiswahili. Kwa hiyo kuchanganya India na kwingine hakujawahi kuwa kioja kwangu. Nilidhani ni jambo rahisi.

Ndipo mwaka jana nikatunga wimbo wa harusi. Nilichagua raga (mpangilio wa sauti wa muziki wa India) ya Bhupali, yenye sauti tano tu, nikaweka mdundo wa tabla, ngoma mbili ndogo za Kihindi, niliourekodi kutoka kwa rafiki, kisha chini yake nikapanga kodi za kinanda kama ninavyopanga katika sherehe zote za kwanjula, utambulisho wa Kiganda wa kabla ya ndoa, ninazoalikwa kupiga hapa Kampala. (Kodi ninazozisema ni zile sauti tatu au nne zinazobonyezwa kwa pamoja, zile nyingine za serikali nazo zinaniumiza kichwa, ila si leo.) Nikampelekea mzee mmoja wa Kigujarati anayepiga harmonia, kinanda kidogo cha mvukuto, kwenye nyimbo za ibada, mtu ambaye Kiswahili chake ni kile cha madukani cha zamani, kisicho na pambo. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akasema: "Kijana, wimbo mzuri, lakini hauna kwao. Kila nikitaka kukaa, unahama."

Nilimjibu kwa heshima kwamba huo ndio utamu wa pop, mzee, kodi zinatembea. Hakubishana. Alifungua harmonia yake, akashikilia sauti moja bila kuiachia, akaniambia niimbe wimbo wangu juu ya hiyo sauti. Niliposikia, nikaona aibu.

Jambo lenyewe ni hili. Muziki wa kale wa India, wa kaskazini na wa kusini, husimama juu ya mvumo: sauti ya msingi inayoitwa sa, ambayo tanpura, chombo cha nyuzi cha kushikilia msingi, huirudia mwanzo hadi mwisho bila kukatika, na kila sauti nyingine hupata maana yake kwa umbali wake kutoka hapo. Muziki wa pop wa Magharibi, kwa upande wake, hupata maana kwa kusafiri. Msingi unahama kila baada ya mapigo manne, kisha unarudi. Ukiichukua C kuwa sa yako (herufi hizi ni majina ya sauti za kinanda), kodi ya G, ambayo hakuna mpiga kinanda wa harusi anayeweza kuishi bila hiyo, haina C ndani yake, kwa hiyo kila unapoibonyeza unakuwa umevunja nyumba ambayo mwimbaji alikuwa amekaa. Kodi ya F inayo C, lakini inaleta pia F yenyewe, sauti ambayo Bhupali haina kabisa. Nilipohesabu vizuri, kati ya kodi za kawaida zilizobaki halali zilikuwa mbili: C na A ndogo (A minor). Kodi mbili kwa dakika nne za wimbo! Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Hapo ndipo Chandra aliponiingia. Katika Ever So Lonely masikio ya haraka husikia sitari, chombo cha nyuzi cha Kihindi, na tabla na kudhani hayo ndiyo yaliyoufanya wimbo uwe wa Kihindi, kumbe vyombo ni nguo tu; kinachoushikilia ni kwamba chini yake hakuna safari. Mvumo umekaa, na utamu wa pop umeachiwa mahadhi mafupi yanayorudiwa, ambayo hata mtoto anaweza kuyashika. Sitari yenyewe ilikuwa imekwisha kuingia katika nyimbo za pop tangu miaka ya 1960, mara nyingi kama pilipili ya juu juu. Yeye alianza kwa kupika wali.

Naamini pia kwamba asingeweza kufika alikofika kama angebaki chini ya kampuni kubwa. Monsoon ilivunjika mwaka huo huo wa 1982, baada ya kutoelewana na kampuni iliyowarekodi. Badala ya kutafuta wimbo mwingine wa chati, Chandra alirudi kwenye lebo ndogo ya Indipop, na kati ya 1984 na 1985 akatoa albamu nne. Mojawapo, Quiet, haina mashairi. Sauti yake imefanywa chombo. Sijui ni mkurugenzi gani wa biashara angemruhusu msichana wa miaka 19 mwenye wimbo maarufu afanye hivyo.

Kisha mwaka 1992 ikaja Weaving My Ancestors' Voices, ambayo nadhani ndiyo kilele chake. Humo karibu kila kitu kimeondolewa, kumebaki sauti na mvumo, na juu ya mvumo huo huo anaweza kuvuka kutoka mapambo ya kuimba ya India hadi nyimbo za jadi za visiwa vya Uingereza bila mshono kuonekana, kwa sababu nazo nyimbo hizo za kale zinakubali msingi usiohama. Humo pia anatumia konnakol, ufundi wa India ya kusini wa kutamka mdundo kwa mdomo: ta-ka-di-mi, ta-ki-ta, silabi zinazokwenda kasi kuliko vidole. Nilipowachezea vijana wanaopiga ngoma katika kikundi chetu, mmoja wao, Mganda, aliuliza huyo mama ni wa ukoo gani, kwa maana kwao kila ukoo una omubala wake, mdundo wenye maneno. Swali lilikuwa la utani, lakini nimelifikiria sana.

Maradhi yanayosababisha maumivu makali kinywani yalimlazimisha aache kuimba mnamo 2010.

Kwetu Uganda hatukukosa watu wa namna hii. Mtunzi Joseph Kyagambiddwa alichukua mahadhi ya Kiganda akayatungia oratorio, utungo mrefu wa kidini wa kuimbwa na kwaya, ya Mashahidi wa Uganda mwaka 1964, naye hakuanza na kinanda cha kanisa kisha akakivika kanzu. Ni kwa kumkumbuka yeye nimeamua kuweka amadinda, marimba ya Kiganda yenye vibao vya mbao, katika wimbo wangu, juu ya zile kodi mbili na mvumo wa tanpura ya simu.

Ugumu mpya ni kwamba amadinda imegawanya ngazi ya sauti katika hatua tano zinazokaribia kulingana, ilhali hatua za Bhupali hazilingani. Tukianza pamoja kwenye sa, kibao cha nne cha rafiki yangu kinakutana na pa yangu, yaani G, vizuri kabisa, lakini cha tatu kinapanda mno, kiko karibu na ile F iliyokatazwa kuliko E ninayoihitaji. Jumamosi tulijaribu akiruke, mimi niimbe sauti hiyo peke yangu katika nafasi anayoiacha. Analalamika kwamba mkono wake haujui kuruka, na mwenzake anayepishana naye upande wa pili wa amadinda anapotea kila mara. Tumepanga kurudia Jumamosi ijayo, polepole zaidi, na mzee wa harmonia amesema atakuja.